Maswali ya Wasomaji: Kutoka skana hadi nukta nundu

SWALI: Nimeskani kitabu cha kurasa 120 kikawa PDF, lakini programu ya kugeuza maandishi kuwa nukta nundu (Braille, maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa kupapasa) inanitolea faili tupu. Kasoro iko wapi?

JIBU: PDF yako ni picha za kurasa tu. Jaribu kuteua neno moja kwa kipanya. Likikataa, humo hamna maandishi. Ipitishe kwanza kwenye programu ya kutambua maandishi, nayo haiwezi kuona zaidi ya skana ilivyoona. Skani upya kwa nukta 300 kwa inchi (hizi ni nukta za picha, zisikuchanganye), au 400 chapa ikiwa ndogo. Chagua rangi ya kijivu, kwa sababu nyeusi na nyeupe tupu hula herufi zilizofifia. Kitabu kinene hupinda karibu na uti, na maneno ya upande huo ndiyo huharibika, basi kikandamize vizuri. Karatasi nyepesi inayopenyeza maandishi ya upande wa pili iwekee karatasi nyeusi nyuma yake. Ukurasa wenye safu mbili ukague mapema, maana programu huweza kusoma mstari wa safu ya kwanza na kuuunga na wa safu ya pili.

SWALI: Programu inasema imetambua kwa usahihi wa asilimia 99. Bado nisome yote?

JIBU: Yote. Ukurasa wa herufi 2,000 kwa usahihi huo una makosa 20, na hayo mengi ni yale ambayo jicho husamehe. Anayeona akikuta “l5” husoma 15 bila kusita. Kwenye nukta nundu kila alama huundwa kwa nukta zenye namba 1 hadi 6: herufi l ni nukta 1, 2 na 3, ilhali tarakimu 1 ni alama ya tarakimu (nukta 3, 4, 5, 6) ikifuatwa na nukta 1 pekee. Kidole hakioni ufanano wowote hapo. O na 0, rn na m, ni vivyo hivyo.

Kiswahili kina mtego wake: ritifaa (alama ') ya ng'. “Ng'oa” ikiipoteza huwa “ngoa”, neno jingine kamili, hivyo kikagua tahajia kitanyamaza. Wakati mwingine ritifaa hugeuka alama ya kufungua usemi, na programu ya nukta nundu huitafsiri kama ilivyo. Tafuta kila “ng” uitazame. Kazi inachosha lakini haina njia ya mkato.

Kisha vistari vya mwisho wa mstari. “Wana-funzi” huishia katikati ya mstari wa nukta nundu na kistari chake. Usivifute kwa mkupuo, kwani “1990-1995” iliyokatwa hapo itakuwa 19901995.

SWALI: Vichwa, majedwali na picha nivifanyeje?

JIBU: Herufi nene na kubwa haziiambii programu kitu. Tumia mitindo ya Word, Kichwa 1 na Kichwa 2, wala usisogeze maneno katikati kwa kubonyeza nafasi. Futa jina la kitabu linalojirudia juu ya kila ukurasa, ila namba za kurasa za chapa zibaki, ili mwanafunzi aufungue ukurasa uleule na wenzake.

Ukurasa wa nukta nundu kwa kawaida una seli 40 (nafasi za alama moja moja) kwa mistari 25, kwa hiyo jedwali la safu sita haliingii. Ligeuze orodha, kila safumlalo ikirudia vichwa vyake. Picha ya pambo iache. Yenye maelezo ieleze kwa sentensi moja au mbili. Ramani inahitaji mchoro wa kupapasa, na hiyo ni kazi ya mtu mwingine.

Kabla ya kuchapa, hakikisha lugha iliyowekwa ni Kiswahili. Ikibaki Kiingereza chenye vifupisho, “ch”, “sh” na “th” hubanwa kila moja katika seli moja, na “ing” ya “kinga” pia. Jaribu kwa neno “chai”: katika daraja la kwanza, lisilo na vifupisho, lazima litoke na seli nne. Likitoka na tatu, rudi kwenye mipangilio.