Kifaransa chuo hakilipi? Inategemea

Dogo, umeuliza kama ukachukue Kifaransa chuo kikuu wakati mjomba ako anasema hakilipi, bora uhasibu. Mi natembeza wageni hapa Bagamoyo, Kiingereza changu cha kuungaunga kinatosha, ila juzi wamekuja wazee wa Kifaransa pale Misheni (mapadre walioianzisha 1868 si walikuwa Wafaransa), wakawa wanaulizana wenyewe kwa wenyewe mi nimesimama kama nguzo, mwenzangu aliyekisoma chuo akadakia, basi siku nzima wamemng'ang'ania yeye, na bakshishi juu. Ila cheti kitupu hakitakulisha, changanya na utalii au ualimu, halafu Kongo na Burundi hapo jirani tu wanakiongea. Mjomba mwambie taratibu, usimpandishie, ada si anatoa yeye?