Wiki za kwanza Letterkenny: anwani kwanza, mengine baadaye

Ukitafuta basi la kutoka Dublin hadi Letterkenny, mji wa Donegal kaskazini-magharibi mwa Ireland unakokwenda kusoma, la kwanza kutokea kwenye simu ni namba 32 la Bus Éireann. Linakwenda moja kwa moja, kama saa nne hivi. Mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania na viza ya Ireland peke yake asilipande. Likishapita Monaghan linaingia Ireland Kaskazini, linapita Omagh na Strabane, ndipo linarudi upande wa Jamhuri ya Ireland kwa daraja la Lifford. Omagh ni Uingereza kama London ilivyo Uingereza, na viza uliyopewa haikuruhusu kupita huko hata usiposhuka.

Watu wengi hujidanganya hapo kwa sababu mpakani hakuna kizuizi wala ofisa wa kugonga muhuri. Dalili pekee ni ndogo: mstari wa pembeni mwa lami uliokuwa wa njano unageuka mweupe, na vibao vya mwendo vinahama kutoka kilomita kwenda maili. Lakini askari wa uhamiaji huweza kupanda basi na kuomba vitambulisho, na kosa la uhamiaji likishaandikwa hukufuata kila utakapoomba viza nyingine.

Njia salama ni ndefu kidogo. Panda treni Dublin Connolly hadi Sligo, kama saa tatu, kisha basi namba 64 linalopita mji wa Donegal. Shuka Letterkenny na usisinzie, maana basi hilo huendelea hadi Derry, ng'ambo ya mpaka. Mkoa wote wa Donegal hauna reli, kwa hiyo ndege ikitua jioni ni afadhali ulale Dublin. Hata tiketi ya ndege ikate kupitia Doha, Istanbul au Dubai; kupitia London kuna masharti ya viza ya kupita ambayo huyahitaji kichwani wiki hiyo.

Tahadhari hiyo haiishi siku ya kufika. Derry iko kilomita 35 hivi kutoka Letterkenny, na wenzako darasani watakwambia twende dukani Jumamosi kama vile ni mtaa wa pili. Kadi ya ukazi ya Ireland haikupi ruhusa hiyo. Bila viza ya Uingereza, baki.

Sasa anwani. Katika wiki za mwanzo kila karatasi inaomba karatasi nyingine, na mzizi wa zote ni mahali unapoishi. Benki inataka uthibitisho wa makazi. Uhamiaji nao wanataka kujua unakaa wapi. Namba ya PPS, yaani namba yako ya utambulisho kwa kodi na huduma za serikali, ambayo bila hiyo kazi inakuwa mateso, haitoki bila anwani. Kwa hiyo wiki ya kwanza usihangaike na kazi wala laini ya simu ya bei nafuu. Hangaika na nyumba yenye karatasi.

Wanafunzi wengi hukaa kwenye chumba ndani ya nyumba ya mwenyeji. Kabla hujakubali, uliza mambo mawili. Kwanza, je, ni siku saba au ni Jumatatu hadi Ijumaa? Wanafunzi wa Ireland hurudi kwao kila Ijumaa, na baadhi ya wenyeji hupangisha kwa siku tano tu. Mtu wa Mombasa au Mwanza ataenda wapi Jumamosi? Pili, je, mwenyeji atakuandikia barua yenye jina lako, anwani na Eircode (msimbo wa posta wa nyumba hiyo), na kukupa nakala ya bili ya umeme? Asiyetaka kuandika barua, mwache. Ujue pia kuwa anayekaa ndani ya nyumba ya mwenyeji hana ulinzi wa kisheria alio nao mpangaji wa kawaida. Kwa nyumba ya kupanga yenyewe, sheria inamruhusu mwenye nyumba kudai dipoziti ya mwezi mmoja na kodi ya mwezi mmoja wa mbele, basi. Anayetaka miezi mitatu anakuonea. Anayetaka pesa kabla hujaona chumba ni tapeli, na usimwonee haya.

Ukiwa na barua ya mwenyeji na barua ya chuo, fungua akaunti ya benki, kisha shughulikia usajili wa uhamiaji. Muhuri uliogongewa uwanja wa ndege kwa kawaida una siku 90, na kabla hazijaisha lazima uwe umesajiliwa na kuomba IRP, yaani kadi ya ukazi. Tangu Januari 2025 usajili wa mara ya kwanza haufanyiki tena kituo cha polisi cha mjini. Unakwenda ofisi ya uhamiaji ya Burgh Quay, Dublin, kwa miadi ya mtandaoni. Weka miadi wiki ileile unayofika, kwa sababu Septemba na Oktoba kila mwanafunzi wa nchi nzima anaitafuta nafasi hiyohiyo. Chagua ya mchana, au lala Dublin, kwa kuwa utapitia Sligo tena. Beba pasipoti, barua ya usajili wa chuo, uthibitisho wa ada, bima ya afya na ushahidi wa fedha na makazi. Ada ya usajili ni euro 300 kwa kadi ya benki. Kama ni kadi ya nyumbani, hakikisha imefunguliwa kwa malipo ya nje. IRP yenyewe huja kwa posta, na hapo Eircode iliyokosewa inakugharimu wiki kadhaa.

Ruhusa utakayopata ni Stamp 2, ya mwanafunzi: kazi saa 20 kwa wiki, na saa 40 mwezi Juni hadi Septemba na kati ya 15 Desemba na 15 Januari. Likizo ya Pasaka haimo. Maduka huanza kuhitaji watu Novemba na meneja atakusihi uongeze zamu. Kataa, kwa sababu rekodi ya mishahara inakwenda serikalini. Ukipata ahadi ya kazi, omba PPS kupitia tovuti ya serikali ya MyWelfare, kisha sajili kazi hiyo kwa Revenue, mamlaka ya kodi, kwenye tovuti yao ya myAccount. Ukianza kazi bila PPS unakatwa kodi ya dharura ya asilimia 40 kuanzia senti ya kwanza. Ukishajisajili iliyozidi inarudishwa, lakini kodi ya nyumba haisubiri.

Nyumbani kuna mambo ya kujifunza kwa macho. Chaja za Kenya zenye miguu mitatu ya bapa zinaingia bila adapta. Shawa isipotoa maji ya moto, usiguse kitasa kwanza, tazama juu. Kuna kamba inaning'inia darini: ivute mara moja, taa ndogo nyekundu iwake, ndipo umeme unafika kwenye shawa. Ukimaliza ivute tena. Nyumba nyingi za Donegal hupashwa joto kwa mafuta kutoka tangi la uani. Uliza nani analipia. Mafuta yakiisha kabisa, hita huingiza hewa kwenye bomba na huhitaji fundi hata baada ya kujaza. Usianike nguo juu ya hita na madirisha yamefungwa: unyevu wake hugeuka kuvu nyeusi kwenye kona za ukuta. Fungua dirisha dakika kumi asubuhi. Tundu la hewa ukutani usilizibe kwa karatasi kwa sababu ya baridi, maana ndilo linalokukinga na hewa ya sumu kutoka kwenye moto.

Chupa za plastiki na makopo yenye nembo ya marejesho ukiyarudisha dukani unarudishiwa senti 15 kwa ya hadi nusu lita, na senti 25 kuzidi hapo. Usiyaponde, mashine ya dukani itayakataa. Unga wa ugali leta kilo mbili. Nyama kavu na samli zitachukuliwa uwanja wa ndege, kwa kuwa Umoja wa Ulaya hauruhusu msafiri kuingiza nyama wala bidhaa za maziwa.

Ukiumwa, anza na zahanati ya chuo. Daktari wa mjini hutoza kama euro 50 hadi 70, na kwenda dharura hospitalini bila barua ya daktari ni euro 100. Kwa hatari ya maisha piga 112.

Mwavuli acha, upepo wa huko unaugeuza. Nunua koti lenye kofia. Mwezi Desemba jua linachomoza karibu saa tatu asubuhi na kuzama saa kumi, hivyo toka nje mchana hata kama ni robo saa. Jiunge na klabu moja inayokutana wikendi, maana kuanzia Ijumaa jioni mabweni hubaki matupu. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa hurudishwa nyuma, na tofauti na Afrika Mashariki huwa saa tatu badala ya mbili: ukimpigia mama saa tatu usiku, kwake ni saa sita. Mpigie kabla ya chakula cha jioni.