Goti la mama na kauli mbili

SWALI: Mama yangu goti limesagika, hata kusujudu hawezi. Daktari mmoja anataka kulisafisha kwa upasuaji wa kamera. Mwengine anasema huko ni kumtibu kupita kiasi. Tumfuate nani? – Msomaji, Wete.

JIBU: Ndugu yangu, naungana na wa pili. Mwaka 2002, madaktari wa Houston, Marekani, walichapisha utafiti wa wagonjwa 180 wa namna hiyo, ambapo baadhi yao walikatwa ngozi tu bila ya goti kuguswa ndani, na baada ya miaka miwili waliosafishwa kweli hawakuwa na nafuu zaidi. Wapasuaji wanaosema wamewaona wagonjwa wao wakipona siwakadhibishi, lakini maumivu haya hupanda na kushuka yenyewe. Mama akae kitini, anyooshe mguu, ahesabu hadi tano, aushushe, kila siku.