Siku mbili Ouray, Colorado, mwezi wa saba
Zinatosha, ndugu. Ila mji uko kama mita 2,370 juu ya bahari, kwa hiyo siku ya kwanza usijitutumue: kunywa maji, pombe weka kando, tembea taratibu hadi maporomoko ya Box Cañon, jioni ukajiloweke kwenye bwawa la majimoto. Kesho yake damka uuzunguke mji kwa njia ya Perimeter Trail, umalize kabla ya saa sita. Mchana radi hazina simile. Na barabara ya kwenda mji wa Silverton, kusini mwa Ouray? Ukielekea kusini korongo liko upande wako, na sehemu nyingi hazina vizuizi pembeni, maana magari ya kuondoa theluji huisukumia huko huko bondeni. Mteremkoni weka gia ndogo, usikalie breki, zitachemka.