Kesi za wizi zina mengi kuhusu maisha ya mjini

Ndugu, umeuliza kama habari za uhalifu kwenye magazeti ya kale zinamfaa mtu anayetafiti maisha ya kawaida ya mjini. Zinafaa sana, tena naziamini kuliko hotuba za wakubwa. Kesi ya wizi lazima itaje kitu kilichoibwa, thamani yake, kilikuwa wapi na nani alikuwa karibu. Humo utakutana na dobi, mpangaji wa chumba kimoja, mtumishi wa nyumbani, watu ambao kwingine hawaandikwi kabisa.

Anza na London. Taarifa za kesi za Old Bailey, mahakama kuu ya jinai ya jiji hilo, zilichapishwa kuanzia 1674 hadi 1913, na zinasomwa bure mtandaoni. Ila kuwa makini na bei. Katika karne ya 18, kuiba mali ya shilingi 40 ndani ya nyumba ya mtu kuliweza kukupeleka kitanzini, kwa hiyo mara nyingi baraza la raia walioamua kesi (jury) liliamua kuwa mali ile ni ya shilingi 39. Walikuwa wanaokoa roho ya mtu! Hiyo si bei ya sokoni.

Kwa Kampala, usiishie kwenye gazeti la Uganda Herald, lililoanza 1912, ambalo lilikuwa la Kiingereza. Tafuta pia magazeti ya Ebifa mu Buganda (lililoanza 1907) na Munno (lililoanza 1911), ya Kiganda, yote mawili ya wamisionari. Ulizia sehemu ya Africana, yaani ya maandishi kuhusu Afrika, katika maktaba kuu ya Chuo Kikuu cha Makerere. Na kumbuka, kabla ya 1920 pesa yetu ilikuwa rupia.