Grafu inakata mhimili wa x mara mbili, mbona napata jibu moja?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha tatu. Kwenye grafu ya y = 2x² − 7x nilitafuta inapokata mhimili wa x nikapata 3.5 tu, lakini majibu ya kitabu ni mawili. Mwenzangu naye alipewa y = x² − 4x + 7, na kila akijaribu kanuni ya kutafuta x, ile yenye kipeuo, kikokotoo kinamwandikia kosa. Tunakosea wapi?

JIBU: Marahaba. Wewe umekosea, mwenzako hajakosea.

Nadhani ulifanya hivi: ukaweka y = 0, ukapata 2x² = 7x, kisha ukagawanya pande zote kwa x. Hapo ndipo jibu lilipopotelea. Huwezi kugawanya kwa x kabla ya kujua kama x si sifuri, na hapa sifuri ni mojawapo ya majibu. Toa x nje ya mabano: x(2x − 7) = 0. Kwa hiyo x = 0 au x = 3.5, na grafu inapita (0, 0) na (3.5, 0). Andika nukta kamili namna hiyo; "x = 3.5" peke yake ni mstari wima, si nukta.

Ungeweza pia kuliona kosa mapema. Kwenye mhimili wa y, x ni sifuri, kwa hiyo y inabaki ile namba isiyo na x. Swali lako halina namba hiyo, maana yake grafu inapita pale mihimili inapokutana, na pale ni kwenye mhimili wa x pia.

Sasa mwenzako. Kwenye kanuni, a ni namba ya mbele ya x², b ya mbele ya x, na c ile isiyo na x; kwake ni 1, −4 na 7. Ndani ya kipeuo anapata b² − 4ac = 16 − 28 = −12, na kikokotoo kinagoma. Wengi hapa hufuta kazi yote na kuanza upya, na dakika za mtihani zinaisha. Asifute. Aandike mlinganyo hivi: y = (x − 2)² + 3. Mraba hauwi hasi hata siku moja, basi y haishuki chini ya 3, na grafu inaelea juu ya mhimili wa x bila kuugusa. Jibu ni "haikati mhimili wa x". Mhimili wa y inaukata kama kawaida, kwenye (0, 7).

Ingetokea b² − 4ac ikawa sifuri, kama kwenye x² − 6x + 9, grafu ingegusa mara moja tu, kwenye (3, 0).

Ukienda kuchora ya kwako, nukta ya chini kabisa iko katikati ya 0 na 3.5, yaani x = 1.75, ambapo y = −6.125. Ukiishia −6 kwenye karatasi, mkunjo utakatika.