Pambo la ukutani la Arachne linabana katikati: tatizo ni mshindio

Umeuliza kwa nini pambo lako la sufu, lenye Arachne, mfumaji wa hadithi za Kigiriki, akigeuka buibui, limebana katikati kama kiuno. Unapitisha mshindio (uzi unaofumwa kwa mlalo) ukiwa umenyooka. Uzi huo hupanda na kushuka kwenye kila uzi wa mtande (nyuzi za wima zilizokazwa kwenye fremu), hivyo unahitaji urefu wa ziada. Ukiukosa, huvuta kingo ndani. Ulaze kama kilima chenye kimo cha sentimita 3 hivi, kisha ushindilie kwa uma. Kama upana unazidi sentimita 20, fanya vilima vidogo kadhaa. Pima upana kila baada ya sentimita 5. Ukipungua zaidi ya sentimita 1, fumua. Kuvuta kingo hakusaidii. (Mungu wa kike Athena aliichana kabisa kazi ya Arachne, wewe unafumua tu.)

Mtande uwe wa pamba imara, nyuzi 2 au 3 kwa sentimita. Miguu ya buibui ikisimama wima huacha nyufa pande zake, kwa hiyo geuza mchoro ulale ubavu unapofuma.

Rangi ya njano itokanayo na mzizi wa manjano (binzari) hufifia upesi kwenye mwanga, nili (rangi ya buluu) hudumu. Kwa buibui mwenyewe, sufu ya kondoo mweusi haihitaji kutiwa rangi.